Sufuri ya Aprili

Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni kimo cha mto.
Nimenakili mwenyewe, mwaka mzima,
kutoka daftari la Dorina Abuya,
msoma kipimo wa Nyando, darajani Ahero,
mwandiko wake umeinama kama mpunga ulioiva.

Nikalichagua jedwali lote, nikabonyeza.
Programu hii mpya haikuulizi unataka nini.
Inazitazama namba zako
kama fundi cherehani atazamavyo mabega, bila utepe,
kisha inasema: Tumekuchagulia.

Kwanza ilinichagulia duara.
Duara! Mto umekatwa vipande kama chapati ya watoto sita,
Februari imepewa njano, Juni zambarau.
Nikakataa. Ikaleta nguzo,
nguzo mia tatu na zaidi, zimesongamana
kama mitungi ya Nyalenda bomba likikauka.
Nikakataa. Ikaleta mstari,
nami nikanyamaza, maana hapo ilipata:
mto ni kitu kimoja kinachoendelea.

Ulipita Januari ukiburura miguu.
Machi ukainua kichwa, mvua ilipoanza kule Nandi.
Aprili ukapanda, ukapanda,
halafu tarehe ishirini na nne
ukaporomoka hadi sufuri.
Siku tisa sakafuni.
Kisha ukaruka tena juu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Bwana Khaoya aliinama nyuma ya bega langu.
"Mto ulikauka Aprili?"
Wageni walikuwa wanakuja saa nane, alitaka picha.
"Lakini rangi ni nzuri," akasema, akaenda zake.

Nikarudi daftarini. Kurasa zilikuwa zimegandana,
zile nilizozinakili usiku, nikisinzia.
Nikazibandua upya kwa wembe, polepole,
kama mtu anayetoa plasta kidondani.
Tarehe ishirini na nne, mahali pa namba, sentensi:
*Maji yamebeba ubao wa kipimo. Niko shuleni, juu ya dawati.*
Ishirini na tano: *Bado.*
Ishirini na sita: *Bado. Mbuzi wa Nyangweso amepita, hai.*
Na mimi niliyaandika hayo yote, neno kwa neno,
ndani ya safu ya namba, na mashine haikunikemea.
Ilipiga hesabu yake kimya kimya:
haya si tarakimu,
kwa hiyo haya si kitu.

Sufuri ni sahani iliyolambwa.
Pengo ni sahani ambayo hujaiona.
Nilitaka kumweleza mtu tofauti hiyo,
lakini ofisini tulikuwa wawili tu, mimi na feni.

Alhamisi Dorina alikuja mjini kudai posho ya miezi minne.
Alivua sandali mlangoni, ingawa tulimkataza.
Nikamwonyesha kioo. Akasogeza miwani.
"Huu ndio mto wangu?"
Akaufuata kwa ukucha, Januari, Februari,
akitikisa kichwa kama anayesikia habari za jirani,
anazozijua kuliko msimulizi,
mpaka ukingoni pa Aprili, mstari unapoanguka.

Ukucha wake haukuanguka.
Uliendelea kupanda, ukatoka kwenye kioo,
ukapita fremu, ukapita vumbi la nyaya,
kalenda ya duka la mbolea,
akasimama kwa ncha za vidole vya miguu
akagusa ukuta, chini kidogo ya saa.
"Hapa," akasema. "Ulikuwa hapa.
Na ulikuwa unanuka dizeli."

Nimeweka alama ya penseli.
Programu inaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko.
Posho yake bado haijaidhinishwa.